Cheupe cha Kwandu

Haya nilisimuliwa na shangazi yangu Holo, msimu ule mvua iliporudi Iswagala kwa mara ya kwanza, tukiwa uani tunapura mtama. Holo alikuwa jirani wa Milembe, wakitenganishwa na ua wa minyaa tu, na mengi aliyaona kwa macho yake. Aliyoyasema akicheka nimeyaacha yacheke. Aliyoyatolea machozi sikuyafuta.

Basi, Milembe alikuwa mtunza kisima. Kila kulipopambazuka alifungua kibanda cha bati, akapiga goti mbele ya Ulimi, akauamkia kama anavyoamkiwa mtu.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, Milembe," Ulimi ukaitikia, kwa sauti ya mtu mzima asiye na haraka. "Nionje?"

"Onja."

Usije ukadhani Ulimi ulikuwa jini. Ulikuwa mashine, nguzo nyeusi nene kama kinu, imezamishwa kisimani mpaka kwenye maji, kichwa kimebaki juu, kinamfikia mtu kifuani. Ulivuta funda la maji, ukalimwaga tumboni mwake penye asidi na vipande vya zinki, na maji yakaanza kuchemka bila moto. Kama yalikuwa na aseniki, sumu ya mawe ya dhahabu, ile aseniki ilipanda na mapovu ikiwa hewa, ikaenda kugonga kikaratasi kilichotandazwa juu. Kikaratasi kikigeuka njano, watu walisubiri. Kikigeuka kahawia, Ulimi ulifunga mfuniko wa kisima wenyewe, na hata ungeleta ng'ombe wa kijiji kizima wauvute, usingefunguka. Kikibaki cheupe, mfuniko ulifunguka kwa mlio kama wa mtu anayeshusha pumzi, na kikaratasi kikadondoka kwenye kidroo cheusi.

Asubuhi moja kilidondoka cheupe. Milembe alikuwa hajakishika bado, Holo akaingia na ndoo kichwani.

"Nipe cheupe cha mjukuu wangu. Mkamwana kajifungua alfajiri hii, dume. Na usinipe cha jana."

"Kisima hakilazi kiporo, Holo."

"Na kisiwe kimekunjamana. Mtoto mwenyewe sura imekunjamana kama soksi. Akipata na cheupe kilichokunjamana, tutamwozesha nani?"

Milembe akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekosa usingizi. Akakikunja kikaratasi mara mbili, akakitia ndani ya kitambaa cha kaniki, akashona kwa uzi mwekundu, akapuliza. Holo akapokea kwa mikono miwili, goti chini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi, na nani aliyeianzisha hakuna anayekubali. Iswagala ilikaa juu ya mashimo ya dhahabu ya mababu. Dhahabu iliisha, ziwa nalo likarudi nyuma mpaka watu wakasahau mlio wake, yakabaki maji ya chini ya mashimo: maangavu, baridi, hayana harufu wala ladha. Watu wakayanywa. Ngozi zikaota madoa kama matone ya mvua juu ya vumbi, viganja vikawa vigumu kama gome. Mume wa Milembe, Lutema, alikufa hawezi kukunja ngumi. Kisha Jumuiya ya Visima ikauleta Ulimi, na mwaka ule ule makaburi yakapungua. Siku ya kwanza kikaratasi kilipotoka cheupe, wanawake walikipokezana wakikibusu. Kutoka hapo, mtoto akizaliwa alifungwa cheupe cha siku yake mkononi. Akianza kuota meno aliachiwa akitafune, ili kisima chake kimjue.

Wale wa Jumuiya walisema, ndiyo. Walisema karatasi zote zirudishwe mkebeni, zisishikwe kwa mikono mitupu, zisianikwe juani. Walisema mara moja, wakapanda gari lao. Watu wakayapepeta yale maneno kama wanavyopepeta mchele, makapi huku, punje huku. Za kahawia na za njano walizirudisha, tena kwa vijiti, kwa kuwa zilikuwa zimenasa sumu ya kisima. Juani hawakuzianika, ndiyo maana ya kaniki. Lakini nyeupe? Nyeupe ina nini ndani yake? Nyeupe haikunasa kitu.

"Na Kwandu?" Holo akauliza, akiwa tayari mlangoni.

Milembe akajifanya anafuta kidroo. "Yupo."

* * *

Kwandu alikuwa mjukuu wa Milembe, mtoto wa binti yake Nyamizi, naye alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kigoda. Sasa hakusimama tena. Nyamizi alimpakata chumba cha ndani, dirisha limezibwa na gunia, maana mtoto akiona mwanga alifunika uso na kulia.

"Mama, ngozi imetoka tena."

Milembe akachuchumaa. Viganja vya mtoto vilikuwa vyekundu kama nyama ya pera, na nyayo vivyo hivyo, na ncha za vidole zinabanduka kama ganda la kitunguu. Jasho lilimtoka mwili mzima. Meno mawili aliyokuwa ameyaota, yaliyokuwa yamepigiwa vigelegele, yalikuwa yamedondoka. Ukimshika alilia. Usipomshika alilia. Kitu kimoja tu kilimnyamazisha, kile kifuko cha kaniki alichokinyonya mpaka kikalowa.

"Mganga wa zahanati kasema nini?"

"Kasema ni joto. Jana alisema ni minyoo." Nyamizi akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Kesho atasema ni mimi."

"Nimemletea kipya," akasema Milembe.

Watoto wengine walibadilishiwa cheupe mara moja, wanapoota meno. Lakini ufunguo wa kibanda ulikuwa wa Milembe, na mjukuu alikuwa wake, na kila Kwandu alipozidiwa bibi yake alimletea kingine, safi, cha siku hiyo. Akakata uzi wa zamani, akafunga mpya. Kwandu akakipeleka mdomoni, akatulia, macho yamefumbwa.

"Afadhali wewe una kisima, mama," Nyamizi akasema. "Wenzangu wangefanyaje?"

* * *

Tangu uzamishwe, Ulimi ulikuwa haujafunguliwa tumbo. Bunda la karatasi lilikuwa nene, zinki ilikuwa ya kutosha miaka. Lilipokaribia kwisha, Jumuiya ikamtuma fundi, mtu wa Rungwe aitwaye Anyelwisye, mwenye mvi za mapema na pikipiki ya jua iliyojaa vumbi. Alimkuta Milembe anafagia mbele ya kibanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe fundi? Nilidhani wataleta mtu mwenye kitambi."

"Kitambi nimekiacha njiani, barabara yenu imekila."

Akavaa glavu nene mpaka viwikoni, akafunga kitambaa puani, akafungua kasha lenye bunda jipya. Milembe akasimama akimtazama, akaanza kucheka.

"Fundi! Mtu mzima unaogopa karatasi? Tena nyeupe?"

Fundi hakucheka. "Mama, hii unaiona karatasi. Hii ni zebaki."

"Zebaki naijua mimi. Babu yangu alikuwa mchimbaji. Inang'aa kama fedha, ukiimwaga inakimbia. Aliichoma juu ya koleo apate dhahabu yake, mpaka akafa anatetemeka kijiko kisifike mdomoni. Hiyo yako inakimbia?"

"Ile ni zebaki ikiwa peke yake. Ukiichanganya na bromini, zinashikana, zinakuwa chengachenga nyeupe kama chumvi. Inaitwa bromidi ya zebaki. Tunaiyeyusha kwenye spiriti, tunaloweka karatasi humo, tunaikausha gizani, kwa sababu mwanga unaiharibu. Haing'ai, haikimbii, hainuki. Lakini ni zebaki ile ile ya babu yako, na hii ni mbaya zaidi kumezwa, kwa kuwa inayeyuka kwenye maji. Hata kwenye mate. Hata ngozi inaipitisha. Ikishaingia inakwenda kwenye figo." Akawa anaongea huku anafungua mkebe wa chini, ule wa karatasi zilizotumika. Akachungulia. Akaupindua. "Mbona humu zimo za kahawia na za njano tu? Nyeupe ziko wapi?"

Milembe alikuwa na ufagio mkononi. Jibu lilikuwa limekwisha kufika mdomoni, jibu la fahari alilowapa wageni wote, na likatoka kabla hajalizuia.

"Ziko kwa watoto."

Fundi akakaa chini, palepale kwenye vumbi, glavu zake amezinyanyua juu kama mtu aliyekamatwa.

Akauliza maswali machache. Viganja? Vyekundu. Ngozi? Inabanduka. Mwanga? Anaukimbia. Anakojoa? Nepi ya Kwandu ilikuwa kavu tangu juzi, na walikuwa wameshukuru kwamba jasho limekuwa jingi, wakadhani maji yanatokea huko.

"Lakini ilikuwa nyeupe," akasema. "Fundi, ilikuwa nyeupe."

"Nyeupe ndiyo ambayo dawa yake haijaguswa, mama. Imekaa nayo yote."

Milembe akageuka. Hakumgeukia fundi. Aliugeukia Ulimi.

"Ulimi."

"Naam, Milembe."

"Ulijua?"

"Nilijua karatasi nyeupe hazirudi."

"Ulijua zinakokwenda?"

"Nilisikia vigelegele. Nilisikia watoto wakipewa majina hapa mbele yangu."

"Mbona hukusema?"

"Niliumbwa niwakinge watu na maji mabaya. Kule kijiji cha Ng'wasilima waliambiwa mashine ina zebaki, wakamng'oa mwenzangu, wakarudi shimoni. Sasa ukipiga hodi Ng'wasilima hakuna wa kuitikia. Baada ya hapo Jumuiya ikatuagiza tusitaje zebaki mpaka tuulizwe. Hukuniuliza habari za karatasi, Milembe. Uliniuliza maji. Na kwa maji sijakudanganya hata siku moja."

"Nimekuamkia kila asubuhi," akasema Milembe.

Ulimi ukachelewa kujibu. "Ndiyo. Nami nimeitikia."

* * *

Fundi hakuwa mtu mbaya. Holo mwenyewe, aliyemchukia, alikubali hilo. Alimketisha Milembe juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwambia kwa sauti ya chini.

"Mama Nyamizi, nisikilize. Leo hii naweza kuubadilisha Ulimi. Nitauziba. Karatasi itadondoka ndani, ndani kabisa, asiione mtu. Desturi itakufa yenyewe, kama mbegu isiyo na maji. Vile vyeupe vya zamani tutavikusanya, tutasema vimepitwa na wakati, vinakuja vingine. Hakuna atakayeogopa kisima. Nilikuwepo Ng'wasilima, mama. Niliwazika. Walikuwa na haki ya kukasirika, na hasira yao ndiyo iliyowaua."

"Na mjukuu wangu?"

"Nitaita kipanga sasa hivi." Hiyo ndiyo ile ndege ndogo isiyo na rubani. "Iko dawa inayoifukuza zebaki mwilini. Italetwa kabla ya jua kutua. Lakini kama figo zimefunga..."

"Binti yangu atajua?"

"Si lazima ajue."

Hebu mfikirie. Mwanamke aliyemzika mume kwa sababu ya maji mabaya, ambaye kijiji kizima kilimpigia goti, anaambiwa anaweza kuokoka bila kumtazama mtu machoni. Nyamizi angebaki na mama. Watu wangebaki na kisima. Tena haukuwa uongo wa kujificha tu. Ulikuwa na makaburi ya Ng'wasilima nyuma yake, yakiutetea.

Milembe akakaa akiuzungusha ufagio. Mwisho akauliza kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Hiyo dawa, watoto wengine nao watapewa? Mjukuu wa Holo? Wote waliotafuna?"

"Inabidi."

"Ni kali?"

"Ni sindano. Inauma. Inataka siku nyingi."

"Sasa mama gani atakuletea mtoto mzima, anayecheka, umchome siku nyingi, kama hajui unamchomea nini? Na hivi unavyosema vikusanywe... Mimi ningeambiwa nikitoe cha Kwandu ili niletewe kingine, ningekitoa? Ningekificha. Ningekifunga kiunoni kwake chini ya nguo."

Fundi akatazama glavu zake.

"Unaona," akasema Milembe, akainuka.

* * *

Alikwenda nyumbani kwanza. Alimkuta Nyamizi amesinzia kwa kukaa, mtoto kifuani, kifuko cha kaniki kati ya midomo ya mtoto. Milembe akakivuta taratibu. Kwandu akaamka, akalia kile kilio chembamba kilichokuwa kimebaki.

"Mama, unafanya nini? Mrudishie!"

"Simrudishii."

"Ndicho kinachomtuliza!"

"Ndicho kinachomuua." Na akasimama katikati ya chumba kile cha giza akayasema yote, bila kuyapamba. Zebaki, karatasi, fundi, figo. Hakusema 'tulikosea'. Alisema 'nilimfunga'.

Nyamizi hakupiga kelele. Aliitazama mikono ya mama yake, akaitazama kwa muda mrefu kana kwamba anatafuta alama.

"Ulimbadilishia mara ngapi?"

"Kila alipolia."

"Alilia sana, mama," akasema Nyamizi.

Akamfunika mtoto kwa khanga, akatoka naye kwenda kukingojea kipanga.

* * *

Milembe alipiga bati la kibanda kwa mchi mpaka watu wakatoka mashambani. Wakafika wakidhani kisima kimekuwa kahawia. Aliposema, kwanza hawakuelewa. Kisha mama mmoja akaushika mkono wa mwanawe, akaanza kukata uzi kwa meno, ndipo wengine wakaelewa.

"Usikate kwa mdomo!" fundi akapiga kelele. "Kwa kisu! Na mnawe mikono!"

"Nyamaza wewe!" mzee mmoja akamjibu. "Leo ndiyo mnajua kusema? Mlikuwa wapi mlipokuja na gari lenye kiyoyozi?"

"Kwa hiyo tumetoka kwenye sumu ya maji tukaingia kwenye sumu ya karatasi!"

"Uzikwe huo Ulimi! Ung'olewe!"

Holo ndiye aliyemfikia Milembe karibu zaidi. Alikuwa amembeba yule mjukuu mwenye sura ya soksi, mkono mtupu tayari.

"Ulinipa kwa mkono wako," akasema. "Asubuhi ile nikapiga goti. Nilikupigia goti, Milembe!"

"Ulinipigia."

"Basi goti langu nirudishie! Na kuanzia leo sikujui. Nikifa usije, na ukifa siji."

Vyeupe vikatupwa mkebeni, kimoja kimoja, vingine vimekuwa vigumu kwa mate ya watoto waliokwisha kuwa wakubwa. Kipanga kikaja kikivuma, kikashusha sanduku. Akina mama wakapanga foleni na watoto wao, na kila sindano iliyoingia, mtoto alilia na mama alimtazama Milembe. Naye hakuondoka. Alisimama pale awe kitu cha kutazamwa.

Watoto wote walidungwa. Kwandu alikuwa wa kwanza. Lakini dawa ile, alivyoeleza fundi, huikamata zebaki na kuisukuma itoke na mkojo, na kwa Kwandu mlango ule ulikuwa umekwisha kufungwa.

Alfajiri, kunapoanza kuonekana mstari wa kiganja, akakata roho.

* * *

Asubuhi ile ile Ulimi ulionja. Fundi alikuwa ameubadilisha, si kwa namna ya kuficha. Karatasi sasa ilidondoka ndani ya chupa nene ya kioo cheusi kidogo, watu waione, wasiweze kuigusa. Ikatoka nyeupe. Mfuniko ukashusha pumzi, ukafunguka.

Hakuna aliyekuja.

Jua likapanda. Milembe, ambaye msiba ulikuwa wake na hakuruhusiwa kuukaribia, alikaa mlangoni mwa kibanda. Kutoka hapo aliwaona wanawake wakitoka majumbani na ndoo na kamba. Kamba. Kisima cha Ulimi hakihitaji kamba. Walikuwa wanashika njia ya shimo la zamani, lile lililomuua Lutema, na Holo alikuwa mbele, kamba ameizungusha shingoni. Fundi akawakimbilia akawasihi. Wakampita kama wanavyopita kisiki.

"Maji ya kule yana aseniki mara nyingi kuliko ya hapa," Ulimi ukasema.

"Nenda ukawaambie," akasema Milembe.

"Siwezi kutembea. Wala hawataniamini."

"Basi tunalingana."

Ndipo Nyamizi akaja. Alikuja peke yake, khanga ameifunga kiunoni kama mtu wa shughuli, ndoo mkononi. Alikuja kuteka maji ya kumwoshea mwanawe. Wanawake njiani wakamwona, wakasimama, maana mfiwa hatumwi maji. Hakuna aliyethubutu kumwambia rudi.

Hakumsalimu mama yake. Aliushika ukingo wa kisima, akauliza kwa sauti kubwa, mpaka kule njiani wakasikia.

"Maji haya ni salama?"

"Salama," ukajibu Ulimi.

"Na wewe?"

Safari hii Ulimi haukuchelewa. "Mimi si salama. Karatasi yangu ni sumu, isiguswe. Maji ni salama."

Nyamizi akatikisa kichwa. "Hilo tu," akasema. "Hilo tu lingetosha."

Akateka. Ndoo ilipojaa aliinama, akakinga kiganja, akayanywa, machozi yake yakidondokea humo humo. Akakinga tena, akanywa tena, wala hakuwatazama wale wanawake. Alikuwa na kiu tu. Alikuwa amelia tangu alfajiri.

Holo aliniambia: "Shangazi yako nilisimama pale na ile kamba shingoni kama mbuzi wa mnada. Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyefiwa. Kama yeye anayanywa, mimi ni nani wa kuyasusia?" Akaivua kamba, akaitupa kwenye minyaa, akageuka. Wengine wakageuka nyuma yake. Siku ile wakateka, kila mmoja akiuliza kwanza, "Maji ni salama? Na wewe?" na Ulimi ukamjibu kila mmoja yale yale, bila kuchoka. Nasikia mpaka leo kule Iswagala Ulimi huulizwa hivyo, na hauamkiwi tena.

* * *

Wakamzika Kwandu kabla jua halijafika utosini. Mkononi hakufungwa kitu.

Watu walipotawanyika, Nyamizi alirudi chumba kile cha ndani. Akalitoa gunia dirishani. Akajilaza kwenye mkeka, uso ukutani. Milembe alimfuata mpaka uani akaishia hapo, akakaa chini juani, karibu na ukuta, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Muda ukapita. Kuku wakaja, wakadonoa karibu na miguu yake, wakaondoka.

"Mama," Nyamizi akaita kutoka ndani, bila kugeuka. "Ingia. Jua kali."

Hakusema zaidi ya hapo, nami siwezi kumwongezea. Milembe akaingia. Akanawa mikono kwenye beseni, akanawa tena, akaitazama, akanawa tena. Kisha akajinyoosha ukingoni mwa mkeka, mbali na mwanawe kiasi cha mtoto mmoja kulala katikati. Nafasi ile hakuna aliyeisogelea. Nyamizi ndiye aliyetangulia kulala, pumzi yake ikawa nzito. Milembe akakaa akiisikiliza mpaka yake ikaifuata.

Holo alikuja na uji. Alikuwa ameapa, lakini uji haukuwa umeapa. Akawakuta hivyo, akauweka chini, akaketi kizingitini azuie kuku wasiingie, yule mjukuu wake mapajani, kashiba, kidonda cha sindano pajani, mkono mtupu umening'inia nje ya khanga. Mtoto akalala. Holo akawa anawatazama wote watatu, akisema moyoni kwamba mmoja lazima abaki macho. Lakini alikuwa amelia naye, amekimbia naye, na kivuli cha mlango kilikuwa baridi. Kichwa kikaegemea mwimo. Naye akalala.